Bunduki ya .22: Kabla ya Kuchagua, Mtu Ajue Risasi Itakomea Wapi

Mada ya usalama wa jamii kwa mabaraza ya wananchi



Mada ya leo ni bunduki ndogo ya .22, ile ambayo wengi huiita bunduki ya ndege au bunduki ya tumbili. Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Kakamega, kutoka Shinyalu hadi Malava, mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na kima karibu na mavuno huuliza kama serikali inaweza kumruhusu awe na bunduki ndogo. Wengine huuliza kwa sababu marehemu baba aliacha bunduki ya zamani yenye chapa ya BRNO kwenye sanduku. Na wapo vijana wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha, ambao wangetaka kujua ni bunduki gani na risasi gani zinazofaa.

Makundi haya matatu yana haja tofauti, lakini yote yaanze na swali moja: risasi ikishatoka, itakomea wapi? Asiye na jibu la uhakika hana sababu ya kuchagua bunduki, hata kama ana pesa za kuinunua.

Bunduki hii ni ya namna gani

Nambari .22 ni kipenyo cha mtutu kwa kipimo cha inchi, yaani karibu milimita 5.6. Kichwa cha risasi ya kawaida ya .22 Long Rifle ni kipande kidogo cha risasi laini chenye uzito wa takriban gramu 2.6. Ni kama punje mbovu ya mahindi kikiwekwa kiganjani, na ndiyo maana watu hukidharau.

Risasi hii ina tofauti moja na zile kubwa. Katika risasi kubwa, kiwashio kimewekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika .22, kiwashio kimepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako hicho. Pini ya bunduki hugonga ukingo, kiwashio hulipuka, baruti huwaka, na kichwa husukumwa mtutuni. Ganda lake ni jembamba na haliwezi kujazwa tena baada ya kutumika. Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1887, na hadi leo ndiyo inayotumika sana duniani katika mazoezi ya shabaha kwa kuwa ni ya bei nafuu, haina kishindo kikubwa na haimpigi mtu begani.

Bunduki ya komeo imepewa jina hilo kwa sababu inafanya kazi kama komeo la mlango. Mtumiaji huinua mkono wa chuma, huuvuta nyuma na ganda tupu hutoka, huusukuma mbele na risasi mpya huingia, kisha huushusha ili kufunga. Kila risasi inahitaji mwendo huo mzima. Kwa mwanafunzi wa shabaha hiyo ni faida, kwa sababu anapata nafasi ya kufikiri kabla ya kila risasi, na komeo likiwa wazi kila mtu aliye karibu huona kwamba bunduki haiwezi kulia.

Udogo wake unavyodanganya

Risasi ya .22 ikielekezwa juu kwa pembe inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Pakiti nyingi za risasi zina onyo la namna hiyo, lakini maandishi ni madogo na watu hawayasomi.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, na kuonyesha wastani wa watu zaidi ya 600 katika kila kilomita ya mraba. Tukichukua boma moja kama kitovu na kuchora duara la kilomita moja na nusu kila upande, eneo hilo ni kama kilomita saba za mraba. Kwa wastani wa kaunti, ndani yake wamo watu zaidi ya 4,000. Humo mna shule, kanisa au msikiti, kituo cha bodaboda, kina mama mtoni na watoto wanaochunga ng'ombe kando ya barabara. Hao wote wako ndani ya mwendo wa risasi moja inayoitwa ndogo.

Mazingira ya Kakamega yanaongeza hatari hiyo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni miti. Kima na mbega hukaa juu ya matawi. Anayemlenga mnyama juu ya mti ameelekeza mtutu angani, na nyuma ya jani hakuna udongo wa kuizuia risasi. Ikikosa, au ikipita, itashuka mahali ambapo mpigaji hapaoni.

Ya pili ni miwa. Katika maeneo ya Mumias, Matungu, Navakholo na Malava, shamba la miwa huonekana kama ukuta wa kijani, lakini halizuii risasi. Ndani yake huenda mna wapalizi, mtu anayepita njia ya mkato, au watoto wanaotafuna miwa.

Ya tatu ni mawe. Eneo letu lina miamba mingi ya matale, na kila anayepita Ilesi ameliona lile Jiwe Linalolia kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Kichwa cha risasi laini kikigonga mwamba, ardhi ngumu au uso wa maji kwa pembe ndogo, huruka na kushika njia nyingine ambayo hakuna anayeweza kuikadiria.

Kituo salama cha risasi ni tuta la udongo laini, refu kuliko mtu, lisilo na mawe, na lisilo na njia ya watu nyuma yake wala kando yake. Shamba la ekari moja au mbili lililozungukwa na majirani kwa kawaida halina mahali kama hapo.

Sheria inasema nini

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, hairuhusu mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Sheria haisemi kwamba bunduki ndogo imesamehewa. Anayepatikana na .22 bila cheti, au hata na risasi zake tu, anakabiliwa na kifungo cha miaka mingi.

Vyeti hutolewa na Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki, chombo cha serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi leseni, na chifu haitoi leseni. Yeyote anayemwambia mwananchi kwamba anaweza kumpatia cheti kwa njia ya mkato anamtapeli au anamwingiza katika kosa. Mwezi wa Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya, na hilo lilionyesha kwamba cheti si mali ya kudumu. Kinaweza kukaguliwa upya, kunyimwa au kufutwa.

Mwombaji lazima aonyeshe sababu ya kutosha ya kuhitaji bunduki, na ahakikiwe kuwa ni mtu wa mwenendo mwema na akili timamu ambaye hatahatarisha amani. Cheti hutaja bunduki yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa. Kwa hiyo haifai mtu kununua kwanza na kuomba baadaye. Anaomba, anasubiri, na akikubaliwa ndipo ananunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa.

Je, kulinda mahindi dhidi ya kima ni sababu ya kutosha? Hapa mkulima anapaswa kuambiwa ukweli bila kuzungushwa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 imefanya kuua mnyamapori bila idhini kuwa kosa la jinai. Kima, mbega, tumbili na nyani wa msitu wetu ni wanyamapori. Hata mtu mwenye cheti halali cha bunduki hana ruhusa ya kuwapiga. Mnyama akiwa tatizo, wenye mamlaka ya kuamua la kufanya ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mkulima anayeachwa na mabua

Hasara ya mkulima ni ya kweli. Kundi la kima linaweza kumaliza mistari kadhaa ya mahindi kabla ya saa mbili asubuhi, na mama aliyekopa pesa za mbolea hana mahali pa kuzirudisha. Sheria ya mwaka wa 2013 inatoa fidia kwa madhara ya wanyama waliotajwa katika orodha yake, kama vile ndovu, nyati na kiboko, lakini kima na tumbili hawamo katika orodha hiyo. Hili ni jambo ambalo wakazi wana haki ya kulipeleka kwa wabunge wao na katika vikao vya kukusanya maoni ya umma, kwani orodha iliyotungwa na Bunge inaweza kubadilishwa na Bunge.

Wakati huo huo, zipo hatua ambazo mkulima anaweza kuchukua. Kulinda kwa zamu kati ya majirani, hasa alfajiri na jioni wakati mahindi yanapokomaa, husaidia kuliko mlinzi mmoja aliyechoka. Kuacha ukanda uliofyekwa kati ya msitu na shamba humnyima kima njia ya kujificha. Mazao yasiyopendwa na wanyama yapandwe karibu na msitu, na mahindi na ndizi zisogezwe karibu na nyumba. Mfano uko hapa kwetu: Shirika la Nyayo Tea Zones, lililoanzishwa mwaka wa 1986, lilipanda mikanda ya majani chai kando ya misitu ili iwe mpaka, na kima hawali majani chai. Mbwa wa boma nao husaidia, mradi wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Kila uharibifu uripotiwe kwa KWS, kwa mfano katika ofisi zake za Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Kakamega upande wa Buyangu, hata pale ambapo hakuna fidia. Ripoti zilizoandikwa huonyesha ni wapi askari wa wanyamapori wanahitajika, na ndizo zitakazotumiwa siku sheria itakapojadiliwa upya. Sumu isitumike kamwe. Huua mbwa, kuku na ndege, na inaweza kuingia majini na kumfikia mtoto.

Kwa mwenye sababu halali: kuchagua bunduki

Anayebaki na sababu halali ya kuwa na .22 kwa kawaida ni mlenga shabaha anayefanya mazoezi katika uwanja ulioidhinishwa. Mchezo wenyewe ni wa heshima. Katika Michezo ya Olimpiki kuna shindano la bunduki ya .22 kwa umbali wa mita 50, ambapo duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, pungufu ya ukucha wa kidole gumba.

Jambo la kwanza la kutazama ni maandishi yaliyopigwa mhuri kwenye mtutu. Bunduki iliyoandikwa .22 LR ni ya risasi ya Long Rifle. Iliyoandikwa .22 WMR, ambayo wengine huiita Magnum, inahitaji risasi nyingine yenye ganda refu na pana zaidi. Mtu asitie risasi ya Long Rifle katika bunduki ya Magnum kwa kudhani zote ni .22. Ganda hulegea ndani ya chumba, linaweza kupasuka, na gesi ya moto humrudia mpigaji usoni.

La pili ni hali ya chuma. Bunduki nyingi za .22 zilizopo Kenya ni za zamani, nazo zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya zikitunzwa. Lakini Kakamega ni nchi ya mvua na unyevu, na kutu ndiyo adui mkubwa. Mtutu ukaguliwe ndani kwa mwanga, komeo likiwa limetolewa. Ukionekana una vishimo au umevimba mahali, bunduki hiyo iachwe. Komeo liende bila kukwama na lifunge imara. Kufuli ya usalama ijaribiwe na fundi aliyesajiliwa, wala isijaribiwe nyumbani na risasi ndani.

La tatu ni mwili wa mtumiaji. Kitako kirefu mno humfanya mtu mfupi anyooshe shingo na kukosa shabaha. Bunduki iwe na uzito unaotulia mikononi, na kifyatulio kilicho laini lakini kisichofyatuka kwa kugongwa. Kwa anayeanza, shabaha ya chuma iliyo juu ya mtutu inatosha kumfundisha kupumua, kutulia na kubonyeza polepole. Darubini inaweza kuja baadaye.

La nne ni vipuri. Bunduki ya kampuni inayojulikana, kama CZ ya Cheki au Anschütz ya Ujerumani, hupata pini na sanduku la risasi kwa urahisi kuliko ya kampuni iliyofungwa zamani. Bei nafuu haina maana ikiwa pini ikivunjika hakuna nyingine.

Kuchagua risasi

Kwa mazoezi ya shabaha, risasi inayofaa ni ya kasi ya kawaida, yenye kichwa cha mviringo. Hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Risasi za kasi kubwa hutoka kwa karibu mita 380 kwa sekunde, na watu huzipenda kwa kudhani kasi ni ubora. Lakini njiani hupungua hadi chini ya kasi ya sauti, na kuvuka mpaka huo kunaweza kuziyumbisha. Kwenye karatasi ya mita 50, risasi ya polepole mara nyingi ndiyo inayokusanya matundu pamoja.

Kila bunduki ina risasi inayoipenda. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Mtumiaji mwenye busara hununua pakiti moja ya kila aina tatu au nne, kwa kiasi kinachoruhusiwa na cheti chake, hupiga risasi tano kwa kila karatasi akiwa ameegemea, kisha hulinganisha. Aina iliyokusanya matundu mahali padogo ndiyo ya kununua tena.

Risasi ikikataa kulia, komeo lisifunguliwe mara moja, kwani kuna zinazochelewa. Mtutu ubaki umeelekezwa kwenye tuta kwa angalau nusu dakika, kisha komeo lifunguliwe taratibu, uso ukiwa pembeni. Risasi hiyo isitupwe kwenye takataka wala chooni, bali ikabidhiwe msimamizi wa uwanja. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, mtu asipige nyingine hadi mtutu ukaguliwe, kwa maana huenda kichwa kimekwama ndani. Na kwa kuwa kichwa ni cha madini yenye sumu, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

Nyumbani

Bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lililofungwa, bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine pakavu. Funguo asizijue mtu asiye na cheti, hata akiwa mke, mume au mtoto mkubwa. Bunduki haiazimwi kwa jirani wala kwa shemeji. Ikipotea au kuibwa, polisi waarifiwe mara moja.

Nyumba yenye ugomvi, ulevi au mtu aliyelemewa na huzuni si mahali pa bunduki. Familia inayoona dalili hizo isisubiri. Kumweleza ofisa wa polisi au chifu mapema si kumsaliti ndugu. Silaha inaweza kuhifadhiwa kituoni, na ndugu abaki hai.

Bunduki ya marehemu hairithiwi kama jembe au ng'ombe. Cheti kilikuwa cha mtu mmoja, na alipofariki hakikuhamia kwa mtu mwingine. Familia inayokuta bunduki au risasi katika vitu vya mzee isizibebe sokoni wala kuzizika. Iwaite polisi wazichukue, au mtu mzima aende kituoni kwanza kutoa taarifa na kuuliza namna ya kuzifikisha, kisha apewe karatasi ya makabidhiano. Mrithi anayetaka kuitunza kwa sababu halali ataomba cheti chake mwenyewe.

Ndugu wananchi, mwenye swali kuhusu leseni aanzie kituo cha polisi cha eneo lake. Mwenye swali kuhusu wanyama waharibifu aende kwa KWS au kwa ofisi ya chifu. Mwenye mbwa wasiochanjwa aonane na ofisa wa mifugo wa wadi. Na mkulima ambaye bado anafikiria bunduki ya .22 asimame kwanza katikati ya shamba lake, ageuke pande zote nne, ahesabu nyumba anazoziona, na akumbuke kwamba nyuma ya miwa na miti zipo nyingine asizoziona.